Sura ya Sita: Rejeta Mpya, Mbona Bado Linachemsha?

Hili ndilo swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote ya kitabu hiki, na huja karibu kila mara kwa maneno yaleyale. "Fundi, nimetoa injini ya zamani, nimefunga nyingine, gari linavuta kama lori. Tatizo moja tu, linachemsha." Kisha muulizaji anahesabu aliyokwisha kufanya: amenunua rejeta kubwa, ametoa themostati, ameongeza feni ya umeme, mwingine ametoboa hadi boneti. Fedha imekwenda na mshale bado unapanda.

Jibu langu huwa halimfurahishi, maana halimpeleki dukani. Namwambia iache rejeta kwanza, yafuate maji. Anzia pale yanapotoka kwenye pampu, yafuate kwa kidole mpaka yanaporudi palepale, na kila unapopita jiulize mambo mawili: hapa maji yanapita bila kubanwa? Na upepo ukinaswa hapa, utatokea wapi?

Kazi ya kubadilisha injini ina vitu vinavyopewa heshima. Maunti, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini, hupimwa na kupimwa tena. Gia boksi hulinganishwa. Propela shafti hupelekwa kwa mchonga vyuma. Maji huachwa hadi jioni ya mwisho, wakati mwenye gari amekwisha fika na amesimama pembeni anasubiri kusikia mlio. Hapo ndipo boksi la mipira ya zamani linapovutwa kutoka chini ya meza. Mpira unaokaribia kutosha unakatwa kwa kisu, unapakwa sabuni, unasukumwa mahali pake na kubanwa kwa klipu mbili. Injini inawaka, watu wanapeana mikono. Ugonjwa umeshaingia.

Mfano nitakaoutumia ni gari langu mwenyewe, Land Rover 109 ya Series III. Lilitengenezwa na dizeli ya cc 2,286, nguvu za farasi kama 62. Mimi nikalifungia 300Tdi, ile dizeli ya tabo iliyoingia kwenye Defender na Discovery mwaka 1994, cc 2,495, farasi 111. Nimechagua gari hili kwa sababu niliyeliharibu ni mimi, kwa hiyo sitamsema mtu.

Birika thelathini chini ya boneti

Mafuta yakiungua ndani ya injini, ni sehemu tu ya nguvu yake inayofika kwenye magurudumu. Kwa hesabu ya juu juu, theluthi moja inasukuma gari, theluthi inatokea kwenye ekzosi, na iliyobaki nyingi inaingia kwenye maji. Mgawanyo hubadilika injini kwa injini, lakini hesabu hiyo inatosha kutuonyesha ukubwa wa mzigo.

Farasi 111 ni kama kilowati 83. Ukiikanyaga injini hiyo mpaka mwisho mlimani, maji yanaweza kupokea kilowati 60 za joto. Birika la umeme la nyumbani ni kama kilowati 2. Chukua basi birika thelathini, ziwashe zote kwa wakati mmoja, zifunikie boneti. Hilo ndilo joto ambalo rejeta inatakiwa kulimwaga nje, dakika baada ya dakika, mpaka kilele kifike.

Maji hulibebaje? Tuseme yanaingia kwenye rejeta na kutoka yakiwa yamepoa kwa nyuzi 8. Ili kuondoa kilowati 60 kwa namna hiyo, unahitaji lita 107 hivi kila dakika. Ndoo ya lita 20 ipite kila sekunde 11. Gari langu linachukua lita 12 tu, kwa hiyo maji hayohayo yanazunguka karibu mara tisa kwa dakika. Wengi hudhani maji ya rejeta yanatiririka polepole kama mfereji wa shambani. Sasa ichukue ndoo yako ya sekunde 11, uipitishe kwenye mpira uliojikunja kona kwa sababu ulikatwa kutoka gari jingine.

Barabara yenyewe

Pampu ya maji, wengine huiita wota pampu, inavuta maji yaliyopoa kutoka chini ya rejeta kwa kupitia mpira wa chini. Inayasukuma kwenye bloku, lile pande kubwa lenye silinda. Kutoka hapo yanapanda kwenye hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu, na hapa ndipo joto ni kali kuliko pote. Yakitoka kwenye hedi yanakutana na themostati, yanapita mpira wa juu, yanaingia kwenye rejeta, yanapigwa na hewa, yanarudi kwenye pampu.

Themostati ni mlango mdogo unaofunguliwa na nta. Nta ikipata moto inavimba na kuusukuma mlango. Ikipoa inanywea, springi inaufunga. Yangu imeandikwa 88, maana yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi 88. Kabla mlango haujafunguka, maji hayasimami. Yanapita njia ya mkato, mpira mdogo au tundu la ndani linaloyarudisha moja kwa moja kwenye pampu bila kuiona rejeta, ili hedi yote ipashe moto kwa usawa.

Njia hii ya mkato ndiyo inayosahaulika. Injini inapohamishwa, vimipira vyembamba vinavyoning'inia huonekana havina kazi. Heita haipo, Arusha si Ulaya, basi vinazibwa kwa bolti na klipu. Katika baadhi ya injini hakuna kitakachotokea. Katika nyingine, saketi ya heita ndiyo sehemu ya njia ya mkato, na ukiiziba themostati haipati maji ya moto ya kuiamsha. Inalala huku hedi inaungua. Kama heita huitaki, unganisha ncha zake mbili kwa mpira mmoja maji yaendelee kuzunguka, mpaka utakapojua injini yako inahitaji nini.

Ujue pia themostati imekaa upande gani. Kwenye 300Tdi ipo mahali maji yanapotoka, kabla ya mpira wa juu. Kwenye V8 za LS za General Motors, ambazo Wamarekani wanazichomeka karibu kwenye kila kitu chenye magurudumu manne, ipo upande wa kuingilia, karibu na pampu. Anayetegemea picha ya gari moja kufunga injini ya gari jingine anaweza kuweka kipima joto mahali ambapo maji ya moto hayapiti.

Na hii desturi ya kuitoa themostati? Nimeifanya ujanani, wengi wetu tumeifanya. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba maji yanapata njia pana. Hoja ya wanaoipinga huwa kwamba maji yakienda mbio hayapati muda wa kupoa. Zote mbili zimekosea shabaha. Maji yanayokwenda kasi hayanyimwi kupoa. Yanapita kwa muda mfupi lakini yanarudi mara nyingi zaidi. Tatizo ni jingine. Themostati nyingi za aina hii zina kisahani cha pili kwa chini, na kazi yake ni kuifunga njia ya mkato pale mlango mkubwa unapofunguka. Ukiitoa themostati umekitoa na hicho. Njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta hata siku moja. Umetoa kitu ili gari lisichemshe, na ndicho kilicholichemsha. Halafu asubuhi za baridi, Njombe au Karatu mwezi wa Julai, injini inatembea kilomita nyingi ikiwa vuguvugu, inatoa moshi mweupe na kujila taratibu.

*Kwa ufupi:* mpira mnene una kazi, na mwembamba una kazi. Usiuzibe wowote kabla hujajua unatoka wapi na unakwenda wapi.

Upepo, au namna nilivyounguza hedi ya kwanza

Rejeta ya asili ya 109 ni ndefu kwa kimo. Niliitoa. Nikatafuta rejeta pana ya gari la Kijapani, fupi, yenye mistari mingi, nikaifunga chini kidogo ili kupata nafasi ya bomba la tabo. Boneti ilifunga vizuri. Mjini nilizunguka nalo wiki nzima, mshale umetulia katikati.

Jumamosi tukapakia watu sita na vifaa, tukaelekea Ngorongoro. Kutoka Mto wa Mbu barabara inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali, na ndiyo mtihani wa kwanza wa kila gari linalokwenda huko. Kwenye kona ya tatu mshale ulipanda kidogo. Kwenye ya nne ukashuka. Ukashuka zaidi, ukalala kabisa kwenye baridi. Nikamgeukia mwenzangu nikasema, "Unaona? Limepoa lenyewe." Dakika mbili baadaye tukasikia harufu tamutamu, kisha injini ikaanza kuwa nzito kama mtu ameshika breki.

Mshale haukusema uongo kwa makusudi. Kipima joto, ile skrubu ya shaba inayopeleka habari kwenye dashibodi, hupima kile kinachokigusa. Kikiguswa na maji, kinapima maji. Maji yalikuwa yameondoka juu ya hedi na mahali pake kulikuwa na upepo na mvuke, navyo havipashi chuma joto kama maji yanavyofanya. Mshale unaoanguka ghafla mlimani ni habari mbaya kuliko unaopanda.

Gari lilirudi likivutwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, hedi imepinda. Cha ajabu, tulipofungua mfuniko wa rejeta, rejeta ilikuwa imejaa maji mpaka shingoni.

Aliyenionyesha kosa ni fundi mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited, Arusha. Hakushika spana. Aliomba mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi huutia maji kupima msingi wa nyumba. Akashika ncha moja penye mfuniko wa rejeta, akanipa mimi nyingine. "Ipeleke kwenye nyumba ya themostati, kijana wangu. Itulize. Sasa niambie maji yako wapi."

Maji ya kwenye mpira yalisimama chini ya nyumba ya themostati kwa vidole vinne.

"Basi," akasema, "hapo juu hutajaza kamwe. Utamwaga maji mpaka kesho, vidole hivyo vinne vitabaki na upepo."

Maji hujaza kuanzia chini, na upepo hukimbilia juu. Kama mahali unapojazia ni chini kuliko sehemu ya juu kabisa ya injini, upepo unabaki umenaswa pale juu, na ile sehemu ya juu ndiyo hedi. Mjini, kwa mzigo mdogo, pampu iliweza kuuburuta upepo kidogo kidogo na injini ikavumilia. Mlimani, kwa mzigo mkubwa, povu lilikusanyika juu ya hedi, sehemu moja ikakauka, maji yaliyoizunguka yakageuka mvuke, mvuke ukasukuma maji mengine nje. Rejeta ilijaa kwa sababu maji yote yalikuwa yamekimbilia huko.

Kwa gari lililotoka kiwandani jambo hili lilikwisha amuliwa na watu wa michoro. Unapohamisha injini unachukua kazi yao bila kuambiwa. Injini imekaa juu zaidi, au imeinama nyuma zaidi, au rejeta imeshushwa boneti ifunge. Sentimita chache tu zinatosha.

Tiba yake ni tanki la upanuzi. Nalieleza kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo magari mengi ya kuunda yanapofia.

Kuna mifumo miwili, na haichanganywi. Wa kwanza ni wa chupa ya akiba. Mfuniko wenye springi unakaa juu ya rejeta yenyewe. Maji yakipata moto yanavimba, yanausukuma mfuniko, yanakwenda kwenye chupa ya plastiki pembeni. Yakipoa, rejeta inayanyonya tena. Chupa haina presha. Mfumo huu unafaa pale tu ambapo shingo ya rejeta ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, na mpira wa chupa lazima ufike chini kabisa ndani ya maji, la sivyo rejeta itanyonya upepo kila usiku.

Wa pili ni wa tanki lenye presha. Mfuniko wenye springi unahamia kwenye tanki, na tanki linafungwa juu kuliko kila kitu. Rejeta haina mfuniko, au ina mfuniko mfu usiopumua. Tanki lina mipira miwili, na kila mmoja una kazi yake. Mwembamba, wa milimita 6 au 8, unatoka sehemu ya juu kabisa ya injini au rejeta na kuingia juu ya tanki. Huu unaupeleka upepo nyumbani kwake. Mnene unatoka chini ya tanki na kuungana na mpira wa chini, karibu na mdomo wa pampu. Huu huipa pampu maji ya kuvuta, na uzito wa maji ya tanki huzuia mdomo wa pampu usikauke.

Nimekutana na magari yenye mifuniko miwili ya springi, mmoja kwenye rejeta na mmoja kwenye tanki. Dhaifu kati ya hiyo hufunguka kwanza, na mara nyingi ni ule usiotarajiwa. Nimekutana pia na tanki zuri la Defender lililofungwa chini, jirani na betri, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Huko ni pambo.

Gari la porini lina swali la ziada: likilala upande, tanki bado ndilo la juu? Likiinamia kulia kwenye ukingo wa korongo, tanki lililofungwa kulia linashuka. Mimi nimelifunga karibu na katikati, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mpira mnene unatokea chini kabisa ya tanki, ili maji yakibaki robo na gari likainama, bado pampu ivute maji.

Mfuniko wa shilingi chache na mlima mrefu

Usawa wa bahari, Dar es Salaam au Tanga, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha, mita kama 1,400 juu, yanachemka kwenye 95. Ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300, kwenye 92 hivi. Kumbuka themostati yangu inaanza kufunguka kwenye 88. Bila presha, pale ukingoni ningekuwa na nyuzi nne tu kati ya mlango kufunguka na maji kuchemka.

Ndiyo sababu ya springi ya mfuniko. Mfuniko ulioandikwa 0.9 huzuia presha ya karibu bara 0.9, bara moja ikiwa karibu sawa na uzito wa hewa ya pwani. Chini ya presha hiyo maji ya Dar hayachemki mpaka nyuzi 118. Pale Ngorongoro ni 114, kwa sababu mfuniko unaongeza presha yake juu ya hewa ya pale, nayo ni nyepesi. Mpira wa mfuniko ukipasuka au springi ikilegea, unarudi kwenye 92 bila kuona tofauti yoyote kwa macho. Kabla ya kununua rejeta ya pili, nunua mfuniko.

Usikimbilie kufunga wenye namba kubwa zaidi. Presha hiyo itatafuta sehemu dhaifu: tanki la plastiki lililozeeka, maungo ya rejeta ya zamani, saketi ya heita. Na gari likiwa la moto mfuniko haufunguliwi, hata kwa kitambaa. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 chini ya presha yakiachiwa ghafla yanageuka mvuke usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuubinya mpira wa juu kwa mkono mtupu. Kumwagia maji baridi injini inayowaka moto nako ni kuomba hedi ipasuke.

Kuhusu kinachojazwa, neno moja. Kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji, wengi hudai ni ya nchi za barafu. Ni kweli kwamba nusu kwa nusu inazuia kuganda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na hilo hatulihitaji. Tunachohitaji ni dawa ya kutu iliyomo, kwa sababu bloku ya chuma na hedi ya alumini zikikaa pamoja kwenye maji ya kisima yenye chumvi, alumini inaliwa. Changanya na maji yaliyosafishwa au ya mvua. Weka mbali na watoto na mbwa. Ladha yake ni tamu na ni sumu.

Mipira, klipu na bomba

Pima vipenyo kabla ya kununua. Ikiwa injini inatoa milimita 38 na rejeta inapokea 32, usilazimishe mpira mmoja kwa klipu. Tafuta mpira wa kupunguza, na jua unachopoteza: kutoka 38 kwenda 32 nafasi ya maji inapungua kwa zaidi ya robo.

Mpira wa chini hunyonywa na pampu. Mpira laini utabonyea injini ikikazana, na utaukuta mzima ukisimama kuukagua. Mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe unautazama, mikono na nguo mbali na feni. Tumia mpira mgumu, au wenye springi ya waya ndani. Mpira wa kumwagilia bustani hauna kazi hapa. Nimeuona ukitumika, ndiyo maana nautaja.

Njia kati ya injini na rejeta ikiwa ndefu, usiunganishe mipira mitatu. Tengeneza bomba la chuma lenye kona pana, funga kwa vipande vifupi vya mpira kila mwisho, kwa sababu injini inatikisika na rejeta haitikisiki nayo. Ncha ya bomba iwe na tuta dogo kuzunguka, klipu ikae nyuma ya tuta. Bomba laini bila tuta hujichomoa siku presha ikipanda. Kila kitu kikae mbali na ekzosi. Rejeta yenyewe ikalie mipira, isikazwe moja kwa moja kwenye chasisi. Chasisi hujipinda porini, na maungo ya rejeta hayapendi.

Feni

Hapa sitakaa sana. Feni bila kava, ule mduara wa bati au plastiki unaoizunguka, huvuta hewa ileile ya moto iliyopo chini ya boneti. Pengo kati ya feni na rejeta liwe kama sentimita mbili au tatu. Ukikosa nafasi, sogeza rejeta mbele. Kiwanda cha Land Rover chenyewe kilifanya hivyo: mwaka 1979 kilipoweka V8 ya lita 3.5 kwenye 109, grili ilihamishwa mbele mpaka ikawa sambamba na matairi yanapofunikwa. Sura ya gari ilibadilika kwa ajili ya nafasi.

Feni ya umeme ikifungwa na nyaya zimepishana, inapuliza kinyume na inapigana na upepo wa safari. Kuipima ni rahisi: feni ikizunguka, karatasi iliyowekwa mbele ya grili lazima inate. Kwenye majani ya Serengeti, mbegu za nyasi huziba rejeta kama pamba; zisafishe kwa maji ukianzia upande wa injini kuelekea nje. Ukivuka maji ya kina, izime feni ya umeme. Panga za plastiki zikikata maji hujipinda mbele na kuchana rejeta.

Gari linachemsha wapi?

Kabla hujafungua chochote, jibu swali hilo. Linaniokolea nusu ya kazi.

- Linachemsha likisimama, likitembea linapoa: feni, kava lake, au rejeta imezibwa na uchafu.
- Linachemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, mjini ni zima: maji hayapiti ya kutosha, au rejeta ni ndogo kweli. Mpira wa chini kwanza.
- Mpira wa juu ni wa moto, rejeta chini ni ya baridi kabisa: rejeta imeziba, au, kama themostati ipo upande wa kuingilia, imegoma.
- Mipira inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, na tanki linatoa povu: gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ni gasketi ya hedi, na hakuna mpira utakaoiponya.
- Mshale unaruka juu na chini: upepo.

Na mshale wenyewe usiuamini bado. Kipima joto cha injini moja na geji ya dashibodi ya gari jingine havizungumzi lugha moja. Vinaweza kukuonyesha katikati wakati uko kwenye 110. Funga geji na kipima joto vilivyotoka pamoja, na kifunge kwenye hedi, si kwenye rejeta.

Kujaza

1. Egesha pua ya gari ikiwa juu, injini baridi. Fungua koki ya heita kama ipo.
2. Fungua kizibo cha kutolea upepo. Kwenye 300Tdi kipo juu ya nyumba ya themostati. Rejeta yake nayo ina chake.
3. Jaza polepole kwenye tanki, huku unabinya mipira. Usikimbize.
4. Maji yakitoka kwenye kizibo bila povu, kifunge kwa upole. Vya plastiki havitaki nguvu.
5. Washa, acha ipate moto taratibu mpaka mpira wa juu uwe wa moto ghafla: themostati imefunguka. Endelea kutazama tanki.
6. Zima, acha ipoe usiku kucha. Asubuhi ongeza.

Hatua ya sita hurudiwa. Asubuhi ya kwanza gari langu lilikunywa nusu lita. Ya pili, kama glasi moja. Ya tatu halikutaka kitu. Jumamosi iliyofuata tukapakia watu walewale sita, tukaupanda ukuta wa Mto wa Mbu kwa gia ya pili, mwenzangu akiwa ameukazia macho mshale na hataki maongezi. Ukingoni mwa Ngorongoro nilisimama nikapima kwa kipima joto cha mwanga: mpira wa juu 91, wa chini 82. Dumu la maji la lita 20 bado nalibeba nyuma. Safari hiyo tulilitumia kuchemshia chai.